Maziwa Niliyoogopa Kuyakataa

Mke wangu amesema kama ninaandika, niandike na yale niliyomficha, la sivyo niache kalamu nikapalilie maharage. Kwa hiyo nitayaandika yote. Na wewe unayesoma, kama una homa inayokuja na kuondoka, kama kiuno kinakuuma mpaka unashindwa kuvaa soksi, na umeshameza dawa za malaria na za taifodi bila nafuu, nivumilie. Huenda ukajiona humu.

Mimi ni mwinjilisti. Nyumbani ni Endagikot, karibu na mji wa Mbulu. Tuna shamba la mahindi na maharage, ng'ombe wawili na kondoo wachache. Lakini kazi niliyopewa na usharika ilikuwa Hanang, kule bondeni Getanuwas, kwa wafugaji wa Kibarbaig. Kila mwezi nilishuka kwa pikipiki, nikakaa huko wiki mbili nikifundisha darasa la ubatizo, kisha nikarudi kulima. Aliyenitangulia kwenye kazi hiyo alikuwa mtu mzuri tu, msomi kunizidi, ila alikataa maziwa. Akikaribishwa anasema tumbo lake halipatani nayo. Mara ya tatu watu wakaelewa, wakaacha kuja. Akabaki anaihubiria migunga.

Ujue, sisi Wairaqw na Wabarbaig tuna mambo yetu ya zamani, ya ng'ombe na ya mikuki. Siku hizi tunauziana mahindi na hata kuoana, lakini mtu wa mlimani akikataa maziwa ya mtu wa bondeni, hapo hakuna habari ya tumbo. Ni dharau. Na maziwa yenyewe hayachemshwi. Yanakamuliwa, yanatiwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, na ukitamka habari ya kuyachemsha wazee wanakutazama kama umewaambia wamchome ng'ombe akiwa hai. Wanasema maziwa yakiguswa na moto, ng'ombe anakauka. Kwa hiyo nilijiapiza kwamba mimi sitakuwa kama mwenzangu.

Aliyenipokea ni Bibi Udamaga, mjane, mwenye boma kubwa kuliko yote pale. Mfupi, mkavu, na macho yanayokupima kama uko mnadani. Hakuwa Mkristo. Alisema yeye ni mzee mno kuanza kujifunza Mungu mwingine, lakini mkwe wake akitaka, asome. Mkwe huyo, mke wa mwanawe, ndiye aliyekuwa mwanafunzi wangu wa kwanza. Alikuwa ameshajichagulia jina la ubatizo, Neema, na hata kabla ya kubatizwa ukimwita kwa jina lingine haitiki.

Siku ya kwanza bibi alinipa kata imejaa. Nilikunywa yote, nikamrudishia kata tupu. Akacheka, akawaambia watu wake kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie: "Huyu amekunywa. Huyu akae." Jamani, sijawahi kutoa mahubiri yaliyopokelewa kama ile kata ya maziwa. Ndani ya miezi michache tulikuwa na banda la mabati pembeni mwa boma lake, na watu wanajaa.

Nikaanza kujisifu. Nilimdanganya mke wangu kwamba nina jiko dogo kule na maziwa nachemsha mwenyewe, maana yeye alikuwa amenionya tangu mwanzo. Lakini kwenye mkutano wa wainjilisti nilisema kweli, tena kwa majivuno. Nilisema wanaoogopa maziwa ya wafugaji imani yao ni ndogo. Mungu aliyenituma hawezi kuniangusha kwa kitu ninachokunywa kwa ajili ya kazi yake. Niliyasema hayo nimesimama, mkono kiunoni. Kiuno hiki hiki.

Majasho yalianza mvua za vuli. Nalala mkavu, naamka shuka limelowa, godoro limelowa. Asubuhi niko mzima, nakwenda shambani, saa tisa mchana natetemeka juani. Siku mbili natulia, naanza kusema imeisha, ya tatu inarudi. Nilikwenda zahanati, nikapewa dawa za malaria. Nikarudi, nikapewa za taifodi. Nikarudi tena, nikaambiwa nipumzike. Mkulima gani anapumzika maharage yakiwa yanataka jembe?

Kiuno kikafuata, halafu magoti. Suruali zikaanza kunivuka, na Mama Yohana, ndivyo ninavyomwita mke wangu, akawa anatoboa mkanda wangu kwa msumari wa moto. Alitoboa mara nne. Mara ya nne alikaa na ule mkanda mapajani kwa muda mrefu. Kisha likaja jambo ambalo wanaume hatulisemi. Nilivimba sehemu za siri, upande mmoja, nikawa natembea kama niliyeshuka punda. Nilikaa nalo wiki nzima. Kama wewe ni mwanaume na unasoma hapa ukiwa na tatizo hilo, usikae nalo. Sema. Aibu haikuponyi.

Maneno yakawa mengi. Jirani mmoja akasema nimerogwa kule bondeni. Mzee mmoja wa kanisa akaja na wenzake kuniombea, wakaweka mikono, na alipomaliza akaniuliza kwa upole kama hakuna kitu ninachomficha Mungu. Nilikasirika nikataka kumfukuza. Leo namwona alikuwa na haki ya kuuliza.

Mama Yohana ndiye aliyenipeleka hospitali. Tulikaa kwenye benchi kuanzia asubuhi, watu wamebanana, mtoto wa mtu anakohoa kwenye shingo yangu, na kila mlango ukifunguliwa wote tunanyanyua vichwa. Kukaa ni maumivu, kusimama ni maumivu. Mke wangu akavua kitenge chake akakikunja, akakiweka nyuma ya kiuno changu bila kuniuliza. Tulikuwa tumegombana njia nzima, na hakunitazama usoni alipokuwa akifanya hivyo.

Daktari alikuwa mama mmoja wa makamo, mwenye sauti ya chini. Aliuliza maswali yake, halafu akauliza: "Baba, unakunywa maziwa mabichi?"

Mke wangu amekaa pale. Nikasema, "Hapana."

Akapima damu. Tuliporudi aliishika ile karatasi akaniambia, "Wewe unasema hapana, lakini damu yako inasema unakunywa."

"Labda nilionja," nikasema.

"Ulionja!" Mama Yohana akasema. Hapo nikajua nyumbani kuna kazi.

Daktari akautaja ugonjwa, brusela. Akasema ng'ombe akiupata hutupa mimba. Akasema mtu akiupata ndiyo haya ninayoyaona, na mwanamke mjamzito akiupata mimba inaweza kutoka. "Huko unakofanya kazi, waambie watu wako," akasema. "Wachemshe. Basi." Nikaitikia kwa kichwa. Naomba ukumbuke kwamba niliitikia kwa kichwa, na maneno niliyasikia yote, kwa Kiswahili kilichonyooka.

Nikaanzishiwa sindano, kila siku, na vidonge vya wiki nyingi. Sindano nilichomwa zahanati ya karibu na nyumbani. Kulikuwa na mzee aliyekuja kusafishwa kidonda cha mguu, anafika alfajiri kuliko wote, na akiniona nachechemea mlangoni anasogea: "Njoo baba, nimekupashia benchi joto." Kila siku neno hilo hilo. Kuna siku nilikwenda kwa sababu yake tu. Na vidonge vingine viligeuza mkojo wangu ukawa rangi ya machungwa, nikapiga kelele chooni mpaka mke wangu akaja mbio na mwiko mkononi. Tulicheka siku hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

Wanakwaya walikuja kunipalilia shamba. Walipalilia lote wakaondoka hata chai hawakungoja. Nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Mvua za masika zilipokolea nilikuwa nimerudi mtu. Homa imekwisha, kiuno kinauma kidogo tu. Nikapanda pikipiki nikashuka Getanuwas, na moyoni nimepanga kabisa: nitawaambia. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Bibi, shikamoo, nimeugua, daktari amesema hivi na hivi. Rahisi tu.

Nilipofika watu walinipokea kwa shangwe. Nikamtafuta Neema kwa macho, sikumwona. Nikamwuliza bibi.

"Yuko ndani," akasema. "Mimba imetoka. Ya pili hii."

Nilikwenda mlangoni nikampa pole, nikaomba. Niliomba vizuri, kwa maneno mazuri. Niliporudi kukaa, bibi alikuwa amesimama mbele yangu na kata imejaa, na watu wote wanatazama, na wanatabasamu.

Nikanywa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sikuwa na kiu. Sikusahau. Niliona tu nyuso zile, nikamwona mwenzangu anavyohubiria migunga, nikaona banda la mabati limebaki tupu na mchungaji ananiuliza watu wako wapi. Na nikajiambia kwamba dawa nilizomeza bado zina nguvu mwilini. Na nikajiambia kwamba Mungu anaona ninayafanya haya kwa ajili yake. Niliyajua yote mawili kuwa ni uongo wakati kata ingali mdomoni. Nilikunywa safari ile, nikanywa na zilizofuata, na habari ya daktari sikumwambia mtu.

Kipupwe cha Mbulu unakijua kama umekaa huko. Ukungu unashuka mpaka huoni zizi lako mwenyewe. Asubuhi moja ya baridi hiyo nilitoka kumkamua ng'ombe, nikachuchumaa, nikakamua, na nilipotaka kuinuka mguu wa kushoto haukuja. Haukuuma. Haukuwepo tu. Nikaanguka ubavu kwenye mavi, ndoo ikamwagika, ng'ombe akageuka kunitazama. Nikaita, "Mama Yohana!" kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua.

Walinibeba kwenye gari la jirani nikiwa nimelazwa kwenye magunia. Hospitali ile ile, daktari yule yule. Alinigonga magoti, akanichoma nyayo kwa kijiti, akaninyanyua mguu nikapiga yowe. Akaniuliza, "Umekunywa tena?"

"Hapana," nikasema.

Hakubishana na mimi safari hii. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akasema, "Nisikilize. Ugonjwa umeingia kwenye uti wa mgongo. Tunaanza dawa upya, na safari hii ni miezi. Mguu ukirudi, mshukuru Mungu wako. Lakini ukiupata tena mara ya tatu, mimi siwezi kukuahidi kwamba utatembea." Akaondoka. Mke wangu alikuwa amesimama dirishani ametupa mgongo.

Wodini nilikaa wiki tano. Nitakuambia ukweli ambao wainjilisti hatuusemi: nilishindwa kuomba. Nimezoea kuwaombea watu, maneno yananijia kama maji. Pale nikifumba macho nasikia ukimya tu, halafu nasikia kiuno. Wachungaji walikuja wakaomba, nikaitika amina kama kasuku. Kila asubuhi naangalia kidole gumba cha mguu wa kushoto, nakiambia cheza, hakichezi. Nilikuwa nimekasirika na Mungu. Nilimwambia, nilikwenda bondeni kwa ajili yako, vumbi nimekula kwa ajili yako, sasa ndiyo malipo haya? Sikumtajia maziwa. Fikiria! Hata Mungu nilikuwa namficha, kana kwamba hakuwepo bomani.

Siku moja mchana Mama Yohana alikuwa ananilisha ndizi za kupika. Akaweka kijiko chini. "Baba Yohana. Ulikunywa?"

Nikatazama ukuta.

"Nitazame. Ulikunywa?"

"Nilikunywa," nikasema. "Na safari zote zilizofuata. Na kabla ya hapo sikuwahi kuwa na jiko lolote kule." Yakanitoka yote, na la Neema pia, na la daktari aliyeniagiza niwaambie watu, nami sikuwaambia.

Alikusanya vyombo vyake, akafunga kapu, akaondoka. Siku mbili hakuonekana. Uji uliletwa na jirani. Nilijua kabisa kwamba ameniacha, na niliona ni haki yake. Nilifunika kichwa kwa shuka ili mgonjwa wa kitanda cha pili asinione. Na chini ya lile shuka ndipo nilipoomba kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, na maombi yenyewe yalikuwa mafupi mpaka yanatia aibu. Nilisema, "Bwana, nilikuwa naogopa watu." Basi. Nilirudia tu hayo. Ule unywaji wangu nilikuwa nimeuita imani, miaka yote, nikausifia na mikutanoni, kumbe ulikuwa woga umevaa suti. Sikusikia sauti. Lakini ule ukimya haukuwa mkali tena. Nililala kama mtoto.

Siku ya tatu Mama Yohana aliingia, akaweka kapu. "Nimemaliza kuvuna," akasema, kana kwamba hakuna lililotokea. Halafu: "Nimekuwa nikimwomba Mungu akuponye. Sasa namwomba akutie adabu kwanza."

"Amina," nikasema, na nilimaanisha.

Kidole kilicheza baada ya siku nyingi, asubuhi, wakati muuguzi anabadilisha shuka. Kidogo sana. Nilidhani nimeota, nikamwita muuguzi atazame, kikagoma, akaondoka, kikacheza tena. Nikaanza kukaa, nikaanza kusimama nikishika kitanda, nikaanza kutembea na kigongo mpaka mlangoni, kisha mpaka kwenye bomba la maji. Nilirudi Endagikot ukungu umeisha. Vidonge niliendelea navyo mpaka vumbi la kiangazi lilipochoka. Mguu umerudi, ila si wote. Nachechemea, na siku za baridi nachechemea zaidi. Nikichelewa kanisani watu wanajua hatua zangu kabla hawajaniona.

Kama uko katikati ya dawa sasa hivi na homa imeisha, usiache. Meza zote. Kama umedanganya daktari, rudi ukamwambie. Ameshasikia mengi kuliko yako. Kama huwezi kumwomba Mungu kwa maneno marefu, mpe moja la kweli. Na kama kuna mtu umemficha, huyo ndiye wa kwanza. Mimi nilianza na mke wangu, lakini alikuwa amebaki mwingine, na huyo nilimwogopa kuliko ugonjwa wenyewe.

Mchungaji alitaka kumpeleka mtu mwingine Getanuwas. Nikamwomba safari moja. Mama Yohana akasema tutakwenda wote. Nikamwambia njia ni mbaya, akasema, "Naenda kuuangalia mdomo wako." Tukapanda basi, kisha akatafutwa mtu mwenye bajaji ya mizigo, tukafika tumejaa vumbi mpaka kope.

Watu walikuwa bandani. Wote wakakitazama kigongo changu. "Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Umekuwa mzee kunipita," Bibi Udamaga akasema, na watu wakacheka, na mimi nikacheka. Neema alikuwa ameketi nyuma kabisa, amekonda, amejifunika shuka. Bibi akaleta kata. Akampa mgeni wake kwanza, yaani mimi, kama kawaida, na yote yakawa kama siku ya kwanza, watu wanatazama, wanatabasamu. Niliipokea ile kata kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kigongo. Nilihisi macho ya mke wangu kwenye shavu.

"Bibi," nikasema, "sitakunywa."

Mzee mmoja, shemeji yake bibi, akasonya.

"Maziwa yangu yana nini?" bibi akauliza.

Nikasema. Nilisema nikiwa nimesimama na kigongo, kwa sababu nikikaa kunyanyuka ni shughuli. Nilisema habari ya majasho na kiuno, nikasema na lile la wanaume, vijana wakainamisha vichwa. Nilisema mguu ulivyoondoka. Nilisema ugonjwa unatoka kwa ng'ombe, unapita kwenye maziwa mabichi, na ng'ombe mwenye huo ugonjwa hutupa mimba. Na mwanamke pia.

Bibi hakunikatiza. Nilipomaliza alihesabu kitu kwa vidole. Kisha akauliza taratibu, "Daktari alikuambia lini?"

Ningeweza kusema juzi. Naapa, neno lilikuwa kwenye ulimi. Mama Yohana akakohoa kidogo.

"Kabla ya masika," nikasema.

"Ulipokuja masika, Neema amelala ndani. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ulimwombea."

"Nilimwombea, bibi."

"Ukatoka, ukanywa na sisi. Ukafunga mdomo." Akanyoosha kidole nyuma, bila kugeuka. "Akashika mimba tena. Imetoka wakati wa baridi. Ya tatu."

Nimekemewa na maaskofu, nimekemewa na baba yangu mzazi. Sijawahi kukemewa hivyo. Nilikuwa nimedhani nililotenda ni kuuharibu mwili wangu kwa ajili yao. Nilijiona mtu aliyejitoa. Kumbe mwili wangu ulikuwa jambo dogo. Hakuna anayejua kama ile mimba ingebaki; nilimwuliza daktari baadaye, naye hakujua. Lakini Neema alikuwa na haki ya kuchemsha kikombe kimoja cha maziwa, na mimi nilimnyima kwa sababu nilitaka kupendwa.

"Nilikuogopa, bibi," nikasema. "Niliogopa mtaacha kuja. Nisamehe. Neema, nisamehe."

Bibi akaichukua kata mkononi mwangu, akatoka nje nayo. Watu wakaanza kunong'ona kwa lugha yao. Shemeji mtu akasimama, akakung'uta shuka lake. Nikamwambia mke wangu kwa sauti ya chini, "Twende." Nilijua nimelivunja kanisa.

"Kaa," Mama Yohana akasema. "Leo utakaa."

Nikakaa. Tulikaa muda mrefu. Watu wawili watatu waliondoka, wengine wakabaki wakitazama mlango. Nikajaribu kuomba, na lililokuja ni lile moja tu la wodini, ila sasa nilikuwa naogopa kweli kweli, na bado nilikuwa nimekaa pale, sikukimbia. Hiyo ndiyo imani niliyo nayo leo. Si kubwa. Inakaa tu mahali inapoambiwa ikae.

Nikasikia kuni zinavunjwa. Nikachungulia. Bibi Udamaga alikuwa amepanga mawe matatu mbele ya banda, juu yake sufuria, na ndani ya sufuria anamimina maziwa ya asubuhi. Shemeji yake akamjia mbio, wakabishana, nikaelewa maneno machache tu, ng'ombe, kukauka. Bibi akamjibu kwa Kiswahili, na nadhani alitaka wote tumsikie: "Ng'ombe ni wangu. Akikauka, nitakula nyama."

Akaniita. "Mwalimu! Njoo unionyeshe. Mpaka wapi?"

Nikaenda na kigongo changu. Nikamwambia mpaka yapande, yachemke kabisa, aache kidogo yaendelee. Akachochea moto. Tulisimama pale watatu, yeye, mke wangu na mimi. Maziwa yakapanda ghafla, yakataka kumwagika, Mama Yohana akaipua kwa ncha ya kanga. Bibi akachota kwenye kikombe cha bati, akapuliza, akanywa funda moja, akakunja uso wote.

"Hayana ladha," akasema, akamwita Neema, akampa kikombe. Neema akanywa yote.